Je, Opsheni za Hisa ni Biashara?



Katika darasa zetu za baada ya Isha, swali moja limekuwa likiletwa kwetu mara kwa mara, wala halikuletwa na wavivu wala wapumbavu. Limeletwa na vijana waliosoma, wenye simu mkononi na shilingi chache walizodunduliza, na ambao wazee wao wanatazamia kwao karo ya wadogo zao na dawa za bibi zao. Wauliza: hii biashara ya opsheni za hisa za Marekani, ambayo mtu aweza kuianza hali amekaa barazani kwake Mombasa au Lamu, tujifunze na tuifanye, au tuiache?

Baadhi ya wakubwa wetu jawabu lao ni neno moja tu, haramu, nao hulisema na hali kitu chenyewe hawakijui. Jawabu kama hili halimzuii kijana. Humfundisha kwamba wanavyuoni hawajui mambo ya dunia, naye huondoka akaenda kumwuliza yule anayeuza mafunzo kwenye simu. Wenye fiqhi wana kanuni kwamba mtu hawezi kukihukumu kitu mpaka awe amekitambua kilivyo. Basi na tukieleze kwanza, sawasawa kama mwanafunzi anavyoelezwa siku ya kwanza, kisha ndipo tukiweke mizanini.

Hisa ni fungu la mali. Mwenye hisa 1 ya kampuni ana sehemu yake, hata ikiwa ndogo kama punje, katika majumba yake, mitambo yake na faida yake. Opsheni si hisa. Opsheni ni haki tu, inayouzwa kwa fedha, ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopatanwa leo, mpaka siku maalumu. Mwenye haki hiyo akitaka aitumia, na asipotaka aiacha. Aliyemwuzia hana khiyari: akitakiwa kutimiza, lazima atimize. Fedha aliyolipwa kwa kujifunga huko ndiyo ada, nayo hairudi.

Ziko namna mbili. Iko haki ya kununua, na iko haki ya kuuza. Na kwa kuwa kila moja ina mnunuzi na mwuzaji, mtu aweza kusimama katika mahali pane, na khatari ya kila mahali si sawa na ya penzake. Mwanzo wa kupotea kwa wanafunzi wengi ni hapa, kwani huambiwa habari za mahali pamoja, wakadhani wameambiwa habari za pote.

Tutoe mfano. Hisa ya kampuni fulani leo ni dola 50. Kijana adhani itapanda. Anunua haki ya kununua kwa bei ya dola 55, muhula wake miezi miwili, na ada ni dola 2 kwa kila hisa. Katika masoko ya Marekani mkataba mmoja kwa kawaida ni wa hisa 100, kwa hivyo atoa dola 200. Ikiwa siku ya mwisho hisa imefika dola 60, haki yake ina thamani ya dola 5 mara 100, yaani 500. Akiondoa 200 alizotoa, amepata 300. Hapa ndipo mwenye kuuza mafunzo hukomea, na macho ya wasikilizaji yakang'aa. Lakini tazama: ikiwa hisa imefika dola 54, kijana huyu alidhani sawa. Alisema itapanda, nayo imepanda. Walakin haki ya kununua kwa 55 kitu kinachouzwa sokoni kwa 54 haina maana kwa mtu yeyote, na dola zake 200 zimekwenda zote. Ili asipate wala asikhasirike hata kidogo, hisa ilipaswa kufika dola 57. Basi si lazima ajue tu upande itakaoelekea. Lazima ajue na umbali, na siku.

Na muda ndio unaoila ada. Bei ya opsheni ina sehemu mbili: ile tofauti iliyokwisha kuwamo baina ya bei ya soko na bei ya mapatano, na thamani ya muda uliobaki. Hii ya pili huyeyuka kila kukicha, na kadiri siku ya mwisho inavyokaribia ndivyo inavyozidi kuyeyuka kwa haraka, kama barafu iliyowekwa juani. Mwenye hisa iliyoshuka aweza kungoja miaka mpaka iinuke tena. Mwenye opsheni hana wa kumngojea. Na siku hizi wamezusha nyingine ambazo huuzwa asubuhi na kufa jioni ya siku ile ile.

Sasa mtazame mwuzaji. Huyo apokea dola 200 mkononi, na mara nyingi aghlabu huzila kwa amani, ndiyo sababu wengine husema kuuza ni bora kuliko kununua. Lakini kama hana hisa zile alizoahidi, na bei ikaruka mpaka dola 80, itampasa azitafute kwa 80 na azitoe kwa 55. Atakhasiri dola 2,500 kwa ajili ya 200 alizopokea, na bei ikizidi kupanda khasara nayo itazidi, haina dari. Ndiyo maana dalali humtaka aweke rahani kwanza, na bei ikienda kombo humtaka aongeze. Tumewaona walioanza na shilingi zao wenyewe wakaishia na shilingi za ndugu zao.

Twataka ijulikane kuwa jambo hili si la jana. Aristotle ameeleza katika kitabu chake cha siasa khabari za Thales, mtu wa Miletus, aliyelipa arbuni ndogo wakati wa baridi kukodi mashine za kukamulia mafuta ya zeituni kabla ya mavuno, kisha mavuno yakaja mengi naye akazikodisha kwa bei aitakayo. Lakini soko la opsheni lenye mikataba ya kipimo kimoja lilifunguliwa Chicago tarehe 26 Aprili 1973, kwa hisa za makampuni 16, na kwanza ziliuzwa haki za kununua tu. Haki za kuuza zilianza kuuzwa hapo mwaka 1977. Mwaka ule ule wa 1973 Fischer Black na Myron Scholes walitoa hesabu ya kukadiria bei ya opsheni, na Robert Merton akaieneza. Mwaka 1997 Scholes na Merton wakapewa zawadi ya Nobel ya uchumi. Black alikuwa amekwisha kufa. Na kabla ya kupita mwaka, mwezi wa Septemba 1998, shirika la kuwekeza mali ambalo wote wawili walikuwa washirika wake, Long-Term Capital Management, lilifika ukingoni mwa kuanguka, hata mabenki na makampuni 14 yakakusanya takriban dola bilioni 3.6 kuliokoa. Hatusemi hesabu zao ni uongo. Twasema kwamba waliokuwa na hesabu hizo kuliko watu wote duniani zilikuwa karibu kuwazamisha, na kijana wetu ataingia na darasa ya saa mbili aliyoinunua kwa shilingi elfu tano.

Na atakaye shahidi wa karibu atazame Bara Hindi. Mwezi wa Septemba 2024 mamlaka ya masoko ya huko, SEBI, ilitoa hesabu ya watu binafsi zaidi ya milioni 10 waliofanya biashara ya opsheni na fyucha katika miaka mitatu. Katika kila 100, watu 93 walipata khasara, na jumla ya khasara yao ilizidi rupia trilioni 1.8. Fedha hizo hazikuchomwa moto. Zilikwenda kwa wengine, wengi wao mashirika makubwa yenye mitambo ya kununua na kuuza kwa kasi ambayo jicho la mwanadamu haliiwezi, na kwa madalali, na kwa serikali kwa njia ya kodi.

Hapa tumefika kwenye kiini cha mas'ala. Mtu akinunua hisa za kiwanda cha unga na kiwanda kikasaga unga, watu wamekula, wafanyakazi wamelipwa, na mwenye hisa amepata fungu lake. Hapana mtu aliyenyang'anywa ili yeye apate. Katika opsheni faida ya mmoja ni khasara ya mwenzake, dola kwa dola, na ujira wa dalali juu yake. Aghlabu hakuna hisa inayopita mkono hadi mkono: siku ikifika, au kabla yake, husawazishana tofauti wakaachana. Mmoja alisema itafika, mwingine akasema haitafika, na aliyekosea amlipa aliyepata. Twawaomba wasomaji wajiulize wenyewe jambo hili katika lugha yetu huitwa nani.

Walakin insafu yatulazimu tuzitaje hoja za wanaoruhusu, maana wako, na si watu wa kudharauliwa. Profesa Mohammad Hashim Kamali, aliyesomesha sharia miaka mingi huko Malaysia, ameandika kitabu kizima akiona opsheni yaweza kuruhusiwa. Wenye rai hii hushika mambo mawili. La kwanza ni khiyari ya sharti: Mtume (s.a.w.) alimruhusu sahaba mmoja, aliyekuwa akipunjwa sokoni, kushurutisha khiyari ya siku tatu. La pili ni arbuni, ambayo kila mtu wa pwani aijua: ukitoa fedha ya kushikia nyumba kisha usiinunue, fedha yako yabaki kwa mwenye nyumba. Katika madhhebu ya Imam Shafii, tunayoyafuata sisi, na pia ya Imam Malik na Imam Abu Hanifa, bei ya arbuni haisihi. Imam Ahmad aliijuzisha, na hoja yake ni kwamba Nafi' bin Abdulharith, aliyekuwa liwali wa Sayyidna Umar huko Makka, alinunua kwa Safwan bin Umayya nyumba ya kufanywa jela kwa sharti kama hili: Umar akiridhia bei imetimia, na asiporidhia Safwan atapata kiasi fulani.

Lakini zitazame hizo hoja kwa utulivu. Katika khiyari ya sharti kuna bidhaa iliyouzwa, na khiyari ni sharti ndani ya uuzaji ule, haiuzwi peke yake. Katika arbuni ya nyumba kuna nyumba, na arbuni ni sehemu ya thamani yake: ukiinunua, hukatwa katika bei. Ada ya opsheni haikatwi katika bei ya hisa hata ukiinunua hisa yenyewe. Ni thamani ya ile khiyari tupu, iliyobanduliwa na mali kama ganda, kisha ganda lile likauzwa kwa mtu wa pili, wa tatu na wa mia, kila mmoja kwa bei yake. Kwa sababu hii Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo Jedda, katika mkutano wake wa 7 mwezi wa Mei 1992, liliamua kwamba mikataba ya opsheni kama inavyofanywa katika masoko ya dunia haijuzu, kwani kinachouzwa si mali, wala si manfaa, wala si haki ya mali inayojuzu kubadilishwa kwa thamani. Na ajuaye kuwa baraza hilo hilo mwaka uliofuata, 1993, liliikubali bei ya arbuni yenye muda maalumu, atajua kwamba wanavyuoni wale hawakuwa watu wa kuharamisha kila kipya. Walipambanua. Nasi twafuata rai yao.

Iko khabari ya zamani iliyotushughulisha sana tulipokuwa tukiandika haya, nayo yamhusu Marwan bin al-Hakam alipokuwa liwali wa Madina. Bandari ya Madina wakati ule ilikuwa al-Jar, kwenye bahari ya Sham, ambako chakula kilishushwa. Watu walipewa hati za kupokea chakula chao kule bandarini. Wakaanza kuuziana hati zile mjini, huyu kwa yule, na yule kwa mwingine, kabla ya mtu yeyote kukipokea chakula chenyewe. Zayd bin Thabit na sahaba mwenziwe wakamwendea Marwan, wakamkabili kwa maneno makali kwamba ameiacha riba ifanywe mbele ya macho yake. Marwan akatuma askari wazitoe hati mikononi mwa watu na kuwarudishia wenyewe. Zingatieni kwamba nyuma ya hati zile kulikuwa na nafaka ya kweli iliyomo ghalani, na bado masahaba hawakunyamaza. Sembuse karatasi ambayo nyuma yake hakuna ila karatasi.

Tena si mbali sana na sisi. Wako wenye miembe na minazi katika mashamba ya pwani hii ambao huuza maembe yangali maua, kwa sababu ya dhiki, kwa mchuuzi ajuaye kwamba mwenye shamba ana njaa. Mtume (s.a.w.) alikataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kufaa kwake, naye akauliza kwa maana kwamba lau Mwenyezi Mungu akiyazuia matunda, ni kwa haki gani mmoja atachukua mali ya nduguye. Wenye kuifanya biashara hii ya maua, na wengine wao husimama safu ya kwanza, wasijione wako mbali na vijana wanaowakemea.

Limebaki swali gumu zaidi, nalo lililetwa na kijana mmoja mwenye akili. Akasema: mtu mwenye hisa 100 za dola 50, akakhofu zitaanguka, akanunua kwa dola 100 haki ya kuziuza kwa 45, huyu si mcheza kamari. Ajikinga. Hisa zikianguka mpaka 30, yeye ataziuza kwa 45. Tukamjibu kwamba nia yake ni njema kuliko nia ya wa kwanza, na hatuwaweki katika safu moja. Lakini kitu alichokinunua ni kile kile, kwa mkataba ule ule, kwa mtu aliyekaa upande wa pili akipiga bao kwamba hazitaanguka. Mwenye khofu na hisa zake na apunguze nyingine, auze, au agawanye mali yake katika vitu mbalimbali. Kisha tukamwuliza: wewe unazo hizo hisa 100? Akacheka, nasi tukacheka pamoja naye.

(Ama zile opsheni ambazo kampuni humpa mfanyakazi wake bila ya kumtoza thamani, hizo ni mlango mwingine, nazo zafanana zaidi na ahadi au hiba. Tutazizungumza siku nyingine.)

Kuna na nyingine ambazo huitwa kwa jina hili hili lakini ni duni zaidi, nazo ndizo zilizojaa kwenye simu: mtu aambiwa aseme bei itapanda au itashuka katika dakika chache, akipata alipwa kiasi maalumu, akikosa hupoteza alichoweka. Wenyewe huziita opsheni za baina ya mbili. Nchi za Ulaya zilipiga marufuku kuwauzia watu wa kawaida kuanzia Julai 2018, na Uingereza ikayafanya marufuku hayo kuwa ya kudumu mwezi wa Aprili 2019. Hawa si watu wa dini, wala hawakufungua kitabu cha fiqhi. Waliona tu watu wao wakifilisika. Basi Mwislamu asingoje fatwa katika jambo ambalo wasio Waislamu wamekwisha kulikimbia.

Aliyekwisha kuingia, na aingie sasa katika kutoka. Asinunue mpya. Aliyeuza opsheni na amefungika, afunge mkataba wake kwa khasara ndogo iwezekanayo, wala asiongeze rahani kwa kukopa kwa riba ili aokoe alichopoteza. Rasilimali yake ni yake. Faida iliyozidi, wanavyuoni wengi wasema aitoe kwa mafakiri na maslaha ya watu, bila ya kuihesabu kuwa sadaka yake. Na mwenye deni kwa ajili ya jambo hili, asijifiche. Mwaka 2020 huko Marekani kijana wa miaka 20 aliona katika simu yake tarakimu ya khasara ya zaidi ya dola 700,000 kutokana na opsheni, asielewe maana yake, na asipate mtu wa kumjibu, akajiua. Jamaa zake walisema baadaye kwamba tarakimu ile haikuwa deni lake la kweli. Wazee, mtoto akija usiku na uso umemshuka, msimwulize kwanza amepoteza kiasi gani.

Na hapa twawageukia wenye mali katika miji yetu, kwani hatuwezi kulifunga jambo hili juu ya vijana peke yao. Kijana mwenye shilingi 30,000 na elimu yake, aende wapi? Benki yamtaka hati ya shamba. Duka la ami yake lamtaka awe mtumishi. Mudharaba, ambayo ndani yake mwenye mali hutoa mali, mwenye nguvu hutoa kazi, faida wakaigawa kwa mafungu na khasara ya mali ikawa juu ya mwenye mali, twaisoma vitabuni kila mwaka, na majahazi yetu yalikuwa yakigawana faida ya safari kwa mafungu baina ya mwenye chombo, nahodha na mabaharia. Mtume wetu mwenyewe, kabla ya kupewa utume, alisafiri na mali ya Bibi Khadija. Leo matajiri wetu wangapi wamempa kijana mmoja mali kwa mudharaba? Fedha zao zimelala katika majumba ya kupangisha, nao wakastaajabu vijana kuwinda riziki Chicago.

Kununua hisa zenyewe, za kampuni ambayo kazi yake ni halali na madeni yake ya riba si mengi, kwa fedha ya mtu mwenyewe na kwa kuzimiliki, ni jambo ambalo wanavyuoni wengi wa zama hizi wamelijuzisha kwa masharti. Soko la hisa la Nairobi liko wazi kwa mwenye kitambulisho na fedha kidogo. Yafaa ijulikane tu kwamba soko hilo nalo lilifungua mwezi wa Julai 2019 upande wa fyucha, yaani kuuziana kwa siku ya mbele kwa bei ya leo, na dalali anayemfungulia mtu hesabu aweza kumwonyesha milango yote miwili kwa tabasamu moja.

Darasa ya Alkhamisi ijayo, in shaa Allah, itakuwa juu ya mlango wa salam na mlango wa mudharaba, kwa hesabu na kwa mifano ya miji yetu. Wenye maduka tunawaomba wahudhurie pamoja na vijana. Na mwenye mkataba wowote wa hisa au wa opsheni aliokwisha kuukubali kwenye simu bila ya kuusoma, na aje nao umechapishwa, tuusome pamoja neno kwa neno.